Swali Lililokatwa Njiani

Kila ofisi ina watu wenye jambo lao la pembeni. Yupo anayewachapishia wanawe kazi za shule kwa wino wa kampuni, yupo anayechaji simu tatu kwa mpigo kana kwamba kwake hakuna umeme, na yupo mhasibu anayejifungia saa ya chakula akakoroma mpaka korido ijue. Mzee Seva naye alikuwa na lake. Ila lake halikuonekana kwa macho, na yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba lipo. Alikuwa anamtafuta mdogo wake wa kike.

Uzee wenyewe haukuwa umemfika hivyo. Jina hilo alibandikwa na vijana wa madirisha ya tiketi, kwa kuwa alikuwa akizitunza seva, yaani kompyuta kuu, za kampuni ile ya mabasi tangu zilipokuwa mbili tu, zimewekwa chumba kimoja na mafagio. Sasa chumba kilikuwa na kiyoyozi, mlango wa kadi na makabati yenye taa za kijani zisizokoma kupepesa. Mafagio yalihamishwa, yeye akabaki. Kanzidata yote, yaani hifadhi ya taarifa za kampuni, aliijenga kwa mikono yake: jedwali la safari, jedwali la tiketi, na lile kubwa kupita yote, jedwali la abiria. Kila aliyewahi kupanda basi la kampuni, hata mara moja, alikuwa na mstari wake humo: jina, mwaka wa kuzaliwa, namba ya simu, na mtu wa kuarifiwa likitokea la kutokea.

Humo ndimo alimopanda swali lake. Mara kwa mara, mchana na usiku, mashine ilijiuliza yenyewe: je, yupo abiria ambaye popote ndani ya jina lake limo jina la bibi? Jina la bibi yao lilikuwa la kizamani, siku hizi hakuna anayempa mtoto, na katika ukoo mzima alilirithi mmoja tu. Huyo ni kitindamimba wao, ambaye nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu alianza kuongea kabla ya kutembea na tangu hapo hakunyamaza. Mzee Seva aliandika "popote" kwa makusudi. Chiriku alikuwa ameolewa. Huenda jina la mume lilitangulia, la bibi likasukumwa katikati, au karani mwenye haraka zake akayaunganisha yote yakawa moja. Swali likimpata, lingetuma ujumbe kwenye simu ya Mzee Seva. Lisipompata, linyamaze.

Lilinyamaza miaka nenda miaka rudi.

Waliachana vibaya, na hilo halikuwa na haja ya kupakwa rangi. Wazazi walipofariki yeye ndiye aliyemlea Chiriku. Alimsomesha, akampikia uji, akamsuka nywele asubuhi za shule kwa vidole visivyojua kusuka, hadi mwalimu akatuma salamu kuuliza nyumbani kuna nini. Kwa hiyo binti alipokuja kumwambia kwamba ameposwa na dereva wa malori ya masafa, kaka mtu alipanda juu kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Alisema mengi. La mwisho lilikuwa hili: "Ukitoka kwenye mlango huo, usinitafute tena maishani mwako." Chiriku, ambaye hakuwahi kukosa la kujibu tangu azaliwe, siku hiyo hakujibu kitu. Alibeba begi lake akatoka. Jioni ileile kaka akachomoa laini kwenye simu yake, akaivunja vipande viwili, na kesho yake akanunua nyingine.

Hasira ikapoa kama zinavyopoa zote, ikamwachia usafi wa kufanya. Alipompigia, namba ya Chiriku haikupatikana tena. Yule dereva hakumjua hata jina kamili, maana hakutaka kulijua. Akabaki na kitu kimoja alichokifahamu kuliko watu wote, nacho ni abiria. Mtu ataishi vipi asipande basi? Siku moja atapanda tu, alijiambia, na swali litamwona.

Alimkosa kwa namna asiyoweza kumweleza mtu. Alizikosa kelele zake. Nyumbani aliwasha redio asubuhi, si kwa muziki, bali pale penye watu wanaobishana tu, ili pawe na mtu anayesema wakati yeye anakunywa chai. Kila alasiri aliitoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Vijana wa madirishani walidhani ana mchumba anayemringia.

Kisha ukaja ule msimu wa shule kufungwa ambao mfumo ulizimia. Kwenye skrini za makarani kiduara kilizunguka hakikwisha. Foleni ilitoka nje ya jengo ikapinda kona, watoto wakalala juu ya mabegi, na mabasi yakaondoka na viti vitupu huku wenye kuvitaka wakiviangalia kupitia kioo. Meneja, mtu wa suti na jasho, aliamini dawa ya kila tatizo ni mashine kubwa zaidi. Ikanunuliwa. Mashine mpya ilikimbia vizuri kwa muda, halafu nayo ikaanza kukohoa kama ile ya kwanza. Msimu mwingine ulipokaribia ndipo alipoletwa mtaalamu wa kanzidata.

Alikuwa mwanamke mfupi wa miwani, mkoba mgongoni, na chupa ya maji aliyoibeba kila aendako utadhani ni mtoto wa jirani aliyeachiwa amtunze.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ila hatujapishana kiasi hicho, usinizeeshe bure."

"Basi, habari za kazi, mzee," alisema, na wote wawili wakacheka.

Siku za kwanza Mzee Seva alimtazama kwa jicho la pembeni, kama mwenye nyumba anavyomtazama fundi anayegonga-gonga kuta. Lakini yule mama alijua kazi. Alimwambia meneja waziwazi, "Mashine yenu haina kosa. Kosa ni namna mnavyoiuliza. Mnaituma isome jedwali zima kwa ajili ya mtu mmoja. Ni sawa na kutafuta neno kwenye kitabu kinene kwa kukisoma chote, na faharasa iko hapo nyuma."

"Kwa hiyo tununue kitabu kikubwa zaidi?" meneja aliuliza, na si kwa utani.

Mtaalamu akapanga upya. Tiketi za miaka iliyopita alizitenga vipande vipande, kila mwaka peke yake, ili anayetaka ya leo asipekue za zamani. Akasimamisha seva pacha ya kusomea tu, ile kuu ikaachiwa kuandika. Mzee Seva alisaidia, na katika kusaidia akajikuta anafurahi, kwani ilikuwa muda mrefu hajakaa na mtu anayeongea lugha yake. Walibishana hata wakasahau chakula. Zaidi ya mara moja alitaka kumwambia kwamba anamkumbusha mtu, akaacha.

Kilichobaki kilikuwa utafutaji wa majina. Pale dirishani karani huandika kipande tu cha jina, maana abiria mwenyewe hutaja kipande tu, na faharasa ya kawaida haina msaada kwa mtu asiyejua jina linaanzaje. Mashine hulazimika kupitia abiria wote, mmoja mmoja. Mtaalamu alikuwa anatengeneza faharasa ya namna nyingine, inayoyavunja majina yote katika vipande vya herufi tatu tatu, ili hata mwenye kujua katikati ya jina tu apate mwenyewe. Kabla ya kuiwasha alitaka ajue ni maswali gani yanayoilemea kanzidata kuliko mengine, na meneja alikwisha kutoa amri: swali lolote lisilo na mwenyewe au lisilo la biashara lifutwe kabla ya wiki kuisha.

Mzee Seva aliisikia amri hiyo akiwa ameshika kikombe. Chai ilipoa mkononi. Likifutwa swali lake, kingefutika kitu pekee kilichokuwa bado kinamngojea Chiriku mlangoni. Aliwaza kulificha, na kulificha aliweza, mfumo ulikuwa wake. Lakini kila siku alilala bila kufanya hivyo, mpaka mtaalamu akalifikia.

"Mzee, hili la juu kabisa ni la nani?" aliita asubuhi moja kutoka kwenye meza yake. "Linajirudia kutwa kucha, linapitia jedwali zima la abiria. Hili peke yake linakula nusu ya nguvu za mashine."

Hakuhitaji kusogea kusoma. "La matengenezo hilo."

"Matengenezo gani yanatafuta jina la mtu?"

Akakaa. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha makarani wapya, mmoja baada ya mwingine, kwamba mfumo si wa kutafutia jamaa. Taarifa za abiria ni amana. Kuna kijana aliyewahi kufukuzwa kazi kwa kufuatilia safari za mchumba wake, na ushahidi wote ulipelekwa kwa meneja na Mzee Seva mwenyewe, bila huruma, tena kwa nyongeza ya mawaidha. Sasa masikio yalimwaka moto.

"Ni mdogo wangu," alisema. Akaeleza: mlango, dereva, maneno yale. Aliyasema yote akiangalia kibodi.

Alipomaliza, mtaalamu akamuuliza taratibu, "Na miaka yote hii halijampata?"

"Halijampata. Hapandi mabasi yetu. Au yuko mbali sana. Au..." Hakuimalizia.

Mtaalamu alirudi kwenye skrini, akasogeza kurasa nyuma, akazidi kusogeza. Uso wake ukabadilika.

"Mzee, nani aliweka kikomo cha nusu dakika?"

"Mimi. Swali likizidi hapo mashine inalikata, ili dirisha lisikwame."

"Na swali lako likikatwa, linafanya nini?"

"Lina..." alianza Mzee Seva.

Alikumbuka. Alipokuwa analiandika hakutaka usumbufu wa ujumbe wa makosa usiku kucha, akaliagiza kwamba kukitokea kosa lolote lilimeze, liendelee. Mchezo huohuo aliwagombeza vijana kila siku. Kosa likimezwa na jibu likiwa tupu, nje vinaonekana vilevile. Enzi zile jedwali lilikuwa dogo na swali lilimaliza kwa kufumba na kufumbua. Kampuni ikanunua njia mpya, abiria wakafurika, swali likazidi kuwa zito, na siku moja asiyoijua likavuka nusu dakika.

"Halijakosa jibu," mtaalamu alisema. "Halijawahi kumaliza kuuliza. Kwenye kumbukumbu zote zilizopo hapa, kila mara limekatwa njiani."

Mzee Seva alishika ukingo wa meza. Miaka yote alikisikiliza kile kimya akaelewa kwamba ni Chiriku anayesema hapana. Kumbe ni yeye mwenyewe aliyekuwa anajikata.

Kiyoyozi kilivuma.

"Faharasa mpya iko tayari," mtaalamu alisema hatimaye. "Sharti niijaribu kwa swali zito kuliko yote, ndiyo kanuni ya kazi. Zito kuliko yote ni lako. Nitaliuliza mara moja, halafu litafutwa. Na skrini nitaigeuzia kwangu. Unajua kwa nini."

"Najua. Niliandika mwenyewe hilo sharti."

Akageuza skrini. Akabonyeza. Mzee Seva alikuwa amejiandaa kungoja, kama alivyozoea kungoja, lakini hapakuwa na cha kungojea. Mtaalamu alishusha pumzi.

"Limerudi," alisema. "Limerudi na mstari mmoja."

Mzee Seva alisogeza kiti mbele. "Yu hai?"

"Anasafiri, mzee. Aliyekufa hakati tiketi."

"Wapi? Lini? Niambie mji tu. Mji mmoja." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maji.

"Siwezi, nawe unajua siwezi. Mtu akikata tiketi hajatangaza anaishi wapi. Na huyu ana haki ya kuwa hataki kupatikana."

Mzee Seva aliinamisha kichwa. Angekuwa karani wa dirishani ndiye anayeomba, yeye angejibu vivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi. Alitamani kuinyakua ile skrini. Mikono aliikalia, kweli kabisa, akaiweka chini ya mapaja kama mtoto aliyekatazwa keki.

Lakini mtaalamu alikuwa bado anasoma. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kuna safu moja humu siwezi kusema si yako," alisema. "Mtu wa kuarifiwa. Jina lako kamili ni lipi?"

Akayataja majina yake yote matatu.

"Basi ni wewe. Uhusiano, ameandika kaka."

Mzee Seva aliitoa mikono chini ya mapaja.

"Tena si la zamani likasahaulika," mtaalamu aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Dirishani si kuna lile swali la lazima, kila safari?"

Lilikuwepo. Alilibuni yeye, makarani wakalilalamikia kwamba linawachelewesha. Kila abiria wa zamani anapokata tiketi, karani humuuliza: mtu wa kuarifiwa ni yuleyule? Jibu lisipoingizwa, tiketi haitoki.

"Kila safari ameulizwa," mtaalamu alisema. "Na kila safari amejibu ni yuleyule. Mara nyingi, mzee."

Hapo alilia. Hakulia kwa heshima ya mtu mzima, alilia kwa makamasi, na mtaalamu akamsogezea karatasi za kupangusia skrini kwa kuwa hazikuwepo nyingine. Mle ndani ya jedwali alilolijenga mwenyewe, Chiriku alikuwa akimtaja dirisha baada ya dirisha, kwa makarani wasiomjua, na yeye ghorofani anatazama simu. Basi likipinduka, aitwe kaka yangu. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema.

"Na namba aliyoiweka?" aliuliza alipoweza.

Mtaalamu akaisoma tarakimu kwa tarakimu. Kabla hajafika katikati Mzee Seva alianza kuitaja pamoja naye. Ilikuwa ile laini aliyoivunja vipande viwili.

"Inapatikana?" mtaalamu aliuliza.

"Hapana," alisema Mzee Seva. "Mimi ndiye sipatikani."

Swali alilifuta mwenyewe, kwa mkono wake, mtaalamu akishuhudia. Alidhani kidole kitakataa, lakini hakikukataa. Mara moja ile mistari ya grafu ya mzigo wa mashine iliyokuwa juu kwa miaka ikashuka. Chini madirishani karani mmoja akapaza sauti kwamba leo mashine imekula nini, mbona inakimbia hivi. Meneja akapanda ngazi mbio kuja kupongeza, akamkuta mtaalamu peke yake na chupa yake ya maji.

"Mzee Seva yuko wapi?"

"Ametoka kidogo. Ana swali la kuuliza mahali."

Duka la kampuni ya simu lilikuwa mtaa wa pili, na lilikuwa na foleni. Alipofika mezani alikuta binti wa kucha ndefu anayetafuna jojo.

"Nataka kurudisha laini," akasema, akaandika namba.

"Kadi yake unayo?"

"Niliivunja. Siku nyingi."

"Siku nyingi kiasi gani?"

Alipomwambia, binti aliacha kutafuna. "Baba, hiyo si ya kurudisha tena. Ikikaa hivyo bila kutumika inarudi kwetu, tunampa mtu mwingine. Labda kama bado iko bure, uichukue upya. Ngoja niiangalie." Akaiingiza.

Kwenye skrini yake kiduara kikaanza kuzunguka. Mzee Seva alikitazama kama mtu anavyotazama mlango wa chumba cha upasuaji. Alijua nyuma yake kuna nini. Alijua mahali fulani kuna jedwali la namba zisizohesabika, na swali linatembea humo, na kuna mtu kama yeye aliyeliwekea kikomo. Akaomba, kwa moyo wote, huyo mtu awe ameweka faharasa. Kiduara kilizunguka. Jojo lilipasuka.

"Mtandao leo unasumbua," binti alisema. "Nifute nianze upya?"

"Usifute!" Watu wa foleni waligeuka. "Tafadhali, binti yangu. Liache limalize."

Likamaliza.

"Una bahati. Haijachukuliwa na mtu." Akaichungulia tena, akakunja pua. "Ila, baba, ina nini hii? Tarakimu zenyewe zimekaa shaghalabaghala. Kuna nzuri hapa zinazofuatana, rahisi kukariri. Nikupe mojawapo?"

"Hiyohiyo."

"Mpya ni bei ileile, baba. Hiyo ya zamani hivyo hakuna hata mtu anayeikumbuka."

"Yupo mmoja," alisema Mzee Seva.

Alitoka na ile laini ndogo kiganjani, akasimama kando ya mlango ili asizibe njia. Akaifungua simu. Akachomeka laini, akawasha. Kioo kikaandika kwamba kinatafuta mtandao. Akaishika kwa mikono miwili, akangoja imalize.